Maana Kumi na Tisa za Run

Naapa kwa masikio yangu yote mawili kwamba haya yalitokea kama nitakavyoyasimulia, bila kutia hata punje ya chumvi. Asiyeamini akamuulize binti yangu, ila amwache kwanza ashibe usingizi. Akiulizwa kabla ya hapo atajibu kwa mguno.

Binti yangu anafua mashuka ya hospitali, pale pale nilipochochea boila la mvuke kwa miaka thelathini na mmoja. Boila langu lilikuwa likikoroma hata wagonjwa wa wodi ya tatu wakawa wanajigeuza kwa pamoja, ubavu huu, ubavu ule, na daktari mkuu akaja mwenyewe kunishukuru kwa kuwaepusha na vidonda vya mgongo. Hilo nalo ni kweli.

Jumatatu moja binti alirudi kutoka kazini, akaketi kwenye kizingiti, akaviangalia viatu vyake kama mtu anayeangalia mlima. Hakuvivua. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji. Miaka kumi na minne anakunja mashuka mabichi.

"Baba, nafasi ya karani wa stoo imetoka," alisema huku amefumba macho. "Kuna kiti. Mtu anakaa."

"Umeomba?"

"Nimeomba. Tuko watano. Jumatatu ijayo saa tatu asubuhi tunafanya mtihani wa Kiingereza, maana karatasi zote za stoo ni za Kiingereza. Msimamizi kabandika neno moja ukutani: run. Eti tuandike maana zake na maneno ya ukoo wake. Mimi najua kukimbia tu. Na miguu hii, hata kulitamka nachoka."

Hapo ningenyamaza, mpaka leo ningekuwa mzee mwenye heshima zake. Lakini mtaa mzima unajua kwamba Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma kamusi nene mbele ya boila, na sifa ni kama upele: ukianza kujikuna huachi.

"Mama," nikamwambia, maana amebeba jina la mama yangu, "hilo neno nalijua tangu linatambaa. Leta daftari."

Mke wangu alikuwa akisugua sufuria. Hakuinua kichwa. "Mtoto kachoka, mzee. Mpe la kweli au mwache alale."

"Mimi na uongo, wapi na wapi?"

Siku ya kwanza nilimpa maana sita, na zote zilikuwa halali. Mtu hukimbia. Mashine hufanya kazi. Pua hutiririka. Rangi ya nguo huchuja, na hiyo aliijua kwa machungu yake, kwa sababu ya soksi moja nyekundu iliyowahi kuponyoka katikati ya mashuka mia mbili. Mto hupita. Basi hufuata ratiba yake. Akaandika zote, akalala na kalamu mkononi.

Jumatano ghala langu likawa tupu. Ningesema, "Zimeniishia, mwanangu," na mambo yangekwisha. Lakini alikuwa amekaa mbele yangu, macho mekundu kwa sabuni, ananingoja kama mtu anayengoja kuchotewa maji.

"Run," nikasema, "pia ni mtu wa tatu kwenye foleni."

Kalamu ikasimama. "Wa tatu tu?"

"Wa nne ana neno lake."

Akaandika.

Alhamisi run ikawa upawa mrefu wa kukorogea uji wa wanajeshi. Ijumaa tukaingia kwenye ukoo: runda, yule anayeilinda run, runeti, run ndogo, runamu, run iliyoharibika kwa kukaa juani. Jumamosi nilikuwa hoi kuliko yeye. Boila ukilitia makaa linatulia, lakini uongo ukiulisha leo, kesho unakuja na wanawe. Nililazimika kukumbuka kila nilichosema, kwani alikuwa akiniuliza maswali ya marudio, na mara mbili niliwachanganya runda na runeti.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, akafunga daftari.

"Baba, nipe kamusi nihakikishe herufi za runeti. Simu yangu hii kioo kimepasuka, inanionyesha nusu ya kila neno."

"Iko kwenye sanduku chini ya kitanda. Ufunguo umepotea."

"Sanduku hilo halijawahi kuwa na kufuli," mke wangu akasema. "Lina kamba."

Binti akapiga magoti, akalivuta, akafungua fundo. Kamusi ikatoka nyepesi mkononi mwake. Akafunua kwenda mwisho, akakuta herufi P, na baada ya P akakuta jalada.

"Q mpaka Z ziko wapi?"

Mke wangu aliacha kusugua sufuria akanitazama.

"Nimezivuta," nikasema.

"Umezi nini?"

"Karatasi zake ni nyembamba, mama, zinasokota tumbaku vizuri. Nilianzia Z, maana nani ana shida na Z? Nikawa narudi nyuma taratibu. Lakini kila karatasi niliisoma kabla ya kuiwasha."

"Na ya run uliisoma?"

"Siku ile mvuke ulikuwa mwingi."

Mke wangu alitoka nje haraka, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Binti hakucheka. Alikaa sakafuni na daftari lake.

"Zipo kumi na tisa. Zipi za kweli?"

"Sita za mwanzo."

"Nimezikariri zote, baba. Jana nilikuwa nakunja mashuka huku naimba, runda, runeti, runamu. Wenzangu wakaniomba niwagawie, nikawanyima." Alikuwa akizikata moja moja bila kukandamiza kalamu. "Ningekuwa na nguvu ningekukasirikia. Sina. Mwalimu ana kamusi nzima. Nenda."

Mwalimu mstaafu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kwa miaka kumi nimekuwa nikimwambia mbele za watu kwamba yeye kamusi aliibeba tu kwapani, mimi yangu nimeimaliza.

"Nikamwambie nini?"

"Ukweli. Anzia hapo."

Nilimkuta mlangoni kwake na fulana. "Karibu, Bwana Kamusi," akasema. Nikamweleza. Akaomba nirudie, eti hakunipata vizuri, na mara ya pili nilirudia mbele ya akina mama wawili waliokuwa wakianua nguo. Walisimama na vibanio midomoni mpaka nilipomaliza.

"Kitabu hakitoki hapa," akasema Mwalimu. "Wewe ukipewa kitabu unakimaliza kweli. Kaa, nakili."

Run lilikuwa limejaza kurasa mbili na nusu, kwa herufi ndogo kama sisimizi. Nilinakili kwa mkono wangu, neno kwa neno, tangu saa nane mpaka jua likahama mezani. Mwalimu alipita nyuma yangu mara kwa mara na kikombe chake cha chai. "Umeruka mstari," alikuwa akisema. "Anza tena hapo."

Niliporudi binti alikuwa amelala mkekani, miguu juu ya kigoda. Nilidhani amesinzia, ila mkono ulikuwa unapapasa kalamu. Nikaketi kando yake, nikasoma.

"Kuendesha duka."

Akaandika.

"Kugombea uongozi. Halafu run out, kuishiwa. Halafu runner-up, mshindi wa pili."

Kalamu ikasimama. "Hiyo umeitunga."

"Imo, mama."

"Nionyeshe."

Nikamsogezea karatasi. Akajiinua kwa kiwiko, akaweka kidole chini ya neno, akalisoma herufi kwa herufi mpaka mwisho, kisha akajilaza tena. Zilikuwa zimebaki maana thelathini na mbili.

"Endelea," akasema. Nikasoma iliyofuata, na kabla hajaniambia nikamsogezea karatasi.