Kiti cha Pembeni ya Mzee Hermo

"Hakuna anayeiba maiti, Baba. Twende."

"Sijakaa hapa kuzuia wezi."

"Umekaa kufanya nini sasa? Ana siku tano amekufa. Ukimwacha peke yake saa mbili hatakufa tena."

Baba hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya jeneza la mzee Hermo, koti la mvua bado mwilini, anachokoa utambi wa mshumaa kwa kijiti cha kiberiti. Karata zilikuwa mezani vilevile watu walivyoziacha, na biskuti, na vikombe vya kahawa ya nusunusu. Jana nyumba hii ilijaa waombolezaji mpaka barazani. Sasa tulikuwa watatu, na mmoja hahesabiki.

Ilikuwa saa nane mchana lakini giza kama magharibi. Kimbunga kilitua tangu asubuhi. Upepo sikuuogopa, nimeuzoea. Nilichoogopa ni mto. Mlima wetu ulitapika moto mwaka juzi, majivu bado yamelala kule juu, na mvua ikizidi yanashuka na maji, tope zito linalobeba mawe makubwa kama gari. Lina mlio wake. Ni kama mtu anaburuta makabati chini ya ardhi. Nilipovuka daraja kumfuata Baba, nyayo zangu ziliusikia kabla ya masikio.

Baba ndiye kapitan, mwenyekiti wa kijiji wa kuchaguliwa, muhula wa tatu. Tangu alfajiri alizunguka na kipaza sauti nyumba kwa nyumba, kabeba vizee mgongoni, kabeba mpaka mbwa wa watu. Kijiji kizima kikavuka kwenda shuleni ng'ambo ya mto. Aliyebaki alikuwa Bibi Pasing, mjane wa mzee Hermo. Kwetu maiti haachwi peke yake hata dakika moja mpaka azikwe, na mzee Hermo hazikwi mpaka binti yake afike kutoka Kuwait. Kumbeba nako haiwezekani. Jeneza linataka wanaume sita, na daraja letu la kamba linabeba wawili, tena wakitembea kwa adabu. Basi bibi akagoma, na wajukuu wanne wameng'ang'ania sketi yake, hawatoki bila yeye. Polisi wakambembeleza, padri akampigia simu, wapi. Ndipo Baba akamwambia aende na watoto, yeye mwenyewe atakaa na mzee. Bibi akavaa kandambili, akaondoka.

Mimi nilidhani ni ujanja wa kumtoa. Wote tulidhani hivyo. Kumbe mwenzetu alikuwa anasema kweli.

Nikamwambia tuondoke tu, nani atajua. Akasema Bibi Pasing atajua. Akimwona yeye shuleni atauliza nani kakaa na mume wake, na asipopata jina atarudi mwenyewe, na wajukuu nyuma yake, juu ya daraja lile. Nikamwambia basi ajifiche kwa padri. Akaniangalia kama nimemtemea mate. Akasema leo akiwadanganya, kimbunga kijacho atakwenda na kipaza sauti na hakuna atakayetoka.

"Na sisi je? Sisi si watu wako?"

Akarudi kuchokoa utambi. Huyu ni mtu anayeamka saa kumi alfajiri kupiga pasi sare za wadogo zangu watano. Samaki anamtolea mama miiba yeye, mbele za watu, na haoni haya. Akasema polepole kwamba nyumba hii iko juu, tope halijawahi kufika hapa. Nikamwambia na mlima ulikuwa haujawahi kutapika vile.

Sakafu ikatikisika. Vikombe vikagongana vyenyewe pale mezani, na kioo cha kifuniko cha jeneza kikalia. Tukasubiri. Ikapita. Baba alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe. Sijawahi kumwona Baba akiogopa, na hiyo ndiyo ilinimaliza.

"Mama ameanza uchungu," nikasema.

Ilitoka tu. Mama ana mimba ya miezi minane. Nilimwacha kwenye madawati ya darasa la tatu, anatukana watu wasimkanyage miguu. Mzima kabisa.

Baba akasimama. "Tangu saa ngapi?"

"Natoka kule ndiyo ulikuwa unaanza. Anakuita."

"Mbona hukusema mwanzo?"

"Si nimekwambia twende?"

Akaangalia mlango. Akamwangalia mzee Hermo chini ya kioo. Halafu akaniangalia mimi, sana, na nikajua anachofikiria kabla hajakisema.

"Kaa wewe," akasema.

Akavua koti akanivika. Akanionyesha mishumaa iliyobaki. Akasema vikombe vikianza kuanguka, nipande darini, nivunje bati nikae juu ya paa, nisijaribu daraja. Yeye akiona mama amejifungua salama anarudi hapohapo. Alikuwa anaongea haraka na kifungo cha koti kilimshinda kufunga, nikakifunga mwenyewe.

"Utaweza, Nilo? Sema kweli. Huogopi?"

Nikisema uchungu ni uongo, anarudi kwenye kile kiti na hatoki tena. Nikisema naogopa, ni yaleyale. Makabati yalikuwa yanaburutwa tena huko chini, karibu kuliko mwanzo.

"Niogope nini? Nenda, Baba. Mimi na mzee tutacheza karata."

Nikachukua mkono wake nikauweka kwenye paji la uso wangu, heshima yetu kwa wazazi, ambayo sijampa tangu nilipoacha shule. Ulikuwa wa baridi. Nikakaa kwenye kiti, bado kina joto lake.

Akasimama mlangoni kidogo, mvua inampiga usoni. Kisha akageuka, akashuka ngazi, akaenda upande wa mto.