Sindano Tatu za Musoni

Kanyange alijitolea damu kanisani, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, akapewa soda na biskuti, akarudi kwenye cherehani yake. Wiki tatu baadaye aliitwa hospitali Mbarara. Muuguzi, mama wa Kinyankore asiyependa kuzungusha maneno, alimwambia damu yake ina virusi vya homa ya ini, aina ya B.

"Labda ulizaliwa nayo," alisema. "Ini yako bado iko sawa, dawa bado hujazihitaji. Utapima kila miezi sita. Uko na bwana?"

Alikuwa na mchumba, Musoni, mchuuzi wa maziwa. Harusi ilikuwa mwezi wa nane.

"Umlete. Akiwa hana, tutamchanja mara tatu. Mpaka amalize, kondomu. Wembe na mswaki, kila mtu na yake."

Kanyange alikaa na habari hiyo siku nne. Baba yake alifia kwao Kongo, Kivu ya Kusini, tumbo limevimba, macho ya njano, na watu wakasema jirani amemlisha sumu. Alijua maneno hayo yanavyosambaa. Jumapili, baada ya ibada, akamweleza Musoni yote.

"Njo ile homa ilimuua baba yako?" Musoni aliuliza.

"Sijui. Inawezekana."

Musoni akashika baiskeli yake akaenda bila kuaga. Siku tatu hakupiga simu. Kanyange aliendelea kushona sare za shule. Sindano ilipomchoma, hakulamba kidole kama zamani. Alikifunga, akafua doa la damu kwenye kitambaa kwa jiki.

Alhamisi asubuhi Musoni alirudi.

"Nilienda kliniki, nikauliza juu ya kikombe na sahani. Wakanicheka."

"Wakasema nini?"

"Kula pamoja haina shida. Kanyange, sitakudanganya, ningali naogopa. Lakini twende Mbarara."

Musoni alipimwa, hakuwa nayo. Akachomwa sindano ya kwanza siku hiyohiyo, ya pili baada ya mwezi. Ya tatu ilikuwa ya mwezi wa sita tangu ile ya kwanza, na harusi hawakuisogeza. Walioana kwa tarehe yao, wakatumia kondomu kama walivyoagizwa.

Mama mkwe hakuambiwa. Mwezi wa pili wa ndoa akaanza kumtazama Kanyange tumboni, wa tatu akaleta dawa ya mizizi, ya kufungua kizazi. Musoni akamtangulia Kanyange kujibu.

"Mama, ni mimi nimesema tungoje. Usimuulize yeye."

Mama alinung'unika, akaondoka na mizizi yake.

Baada ya sindano ya tatu walingoja miezi miwili, Musoni akapimwa tena: kinga ilikuwa imeshika. Mwaka uliofuata Kanyange alipata mimba. Mbarara wakapima wingi wa virusi katika damu yake, vikawa vichache. Muuguzi yuleyule akaandika kwenye kadi, kwa herufi kubwa, kwamba mtoto achanjwe siku ileile atakayozaliwa, kisha akamwita mgonjwa anayefuata.