Posa ya Nahodha

Mjukuu wangu Mutasim alikuwa amekwisha kumwambia ami yake Fawzi awakusanye wanaume wa ukoo Ijumaa, waende jaha, ule ujumbe rasmi wa kumposea mke. Jina la binti hakumtajia. Aliniomba nilitaje mimi, kama heshima inavyotaka. Binti alikuwa Hadil, fundi wa duka lake la kutengeneza kompyuta hapa Irbid.

"Mwenyewe amekubali?" nikamuuliza.

"Amefika, Bibi."

"Amefika wapi?"

Akacheka, akaelekeza kidevu kwenye televisheni.

Nilimwelewa. Tangu nifanyiwe upasuaji wa goti nilikuwa nikikaa naye kila alasiri akicheza gemu lake. Humo yeye ni nahodha wa chombo kinachosafiri kati ya nyota. Akirudi safari huwazungukia mabaharia wake, awaulize habari za kwao, awape wanachopenda. Alama ya moyo ikijaa, yeye husema baharia huyo "amefika": anampenda nahodha. Alikuwa amekwisha kuujaza moyo wa binti mmoja anayetunza injini.

Siwezi kumcheka, maana nami nilicheza. Nilimchagua daktari wa chombo, mtu mpana mwenye ndevu za mvi. Aliniuliza kama nimelala vizuri, na safari iliyofuata akakumbuka nilichomjibu.

"Bibi, umependa!" Mutasim alinitania. "Babu anakusikia huko aliko."

"Babu yako hakukumbuka hata chai yangu inataka sukari kiasi gani. Mwache asikie."

Ni tamu, sikatai. Humo hakuna mwenye haraka, wala anayekukatiza ukizungumza. Mtu mpweke akikaa kidogo, huinuka moyo wake ukiwa mwepesi.

Na dukani Mutasim alikuwa mwema vilevile. Hadil akicheleweshwa na basi, hakumgombeza. Alimpelekea mkate wa ufuta asubuhi. Spika zake za masikioni zilipoharibika, akamnunulia nyingine. Kila mara Hadil alisema ahsante, na hizo ahsante ndizo Mutasim alizozijumlisha.

"Yule binti wa injini amewahi kukukataa?" nikamuuliza.

"Nikijibu vibaya ananuna. Basi narudi nyuma, nacheza upya."

"Na asipokutaka kabisa, atakwenda wapi? Nje ni anga tupu, na mwenye chombo ni wewe."

"Bibi, lile gemu tu. Wamemtengeneza anipende. Nani anaumia?"

"Hakuna. Mpende mpaka uchoke. Lakini huyu wa dukani, nani amemtengeneza akupende?"

Akaweka chini pedi ya kuchezea.

"Jaha unaijua," nikamwambia. "Fawzi ataingia kwa baba yake Hadil, wanaume wamejaa mpaka ngazini. Atapewa kahawa, ataiweka mbele yake, hatainywa mpaka akubaliwe. Baba gani ataacha kahawa ya wageni ipoe? Ndiyo maana wanawake hutangulia kimyakimya, wanaume wakaja jibu likiwa limejulikana. Wewe umeanzia mwisho, mwanangu."

"Nilidhani jibu nalijua."

"Basi ngoja nikaulize."

Kesho yake nilikwenda kwa kina Hadil na sahani ya maamuli, vile vibiskuti vya tende. Mama yake alinisogezea kigoda cha kuegemeza mguu kabla sijaomba. Akamwita binti yake, kisha akasema amekumbuka ana nguo za kuanua. Nguo zenyewe nilikuwa nimeziona mlangoni, zimekwisha kukunjwa.

"Hadil," nikasema, "Mutasim anataka kukuposa. Nimekuja peke yangu ili uwe na nafasi ya kusema hapana. Ukisema, litaishia kwetu."

Alikaa akivutavuta ncha ya ushungi. "Hajati, Mutasim hajawahi kunikosea."

"Lakini?"

"Simtaki. Zile spika niliogopa kuzikataa. Yeye ndiye anayenilipa, ningesema nini?"

"Ungesema ahsante."

"Si ndivyo nilivyosema!" Akacheka, na machozi yakamlengalenga. "Sasa kazi ndiyo basi? Naipenda, Hajati. Kompyuta iliyokufa ikiwaka mikononi mwangu, siku nzima nafurahi."

Nikamwambia aende kazini kama kawaida. Nilisema hivyo bila hakika. Mjukuu wangu ni mwema, ila sikuwahi kumwona akikataliwa.

Nilimweleza Mutasim yote. Akajisugua viganja.

"Nilimtisha, Bibi?"

"Aliogopa. Hukujua."

"Ningepaswa kujua." Akavuta pumzi. "Mwambie aje kazini. Nitampa ufunguo wa duka, awe anafungua mwenyewe, aone kwamba—" Akajishika kinywa. "Hiyo nayo zawadi."

"Naona."

"Nitampa mshahara wake. Basi."

Hadil alikwenda kazini. Alhamisi Fawzi akatufikia nyumbani, joho lake likiwa limetoka kwa dobi.

"Ndugu zetu wa Ajlun wameshajiandaa kuja! Binti wa nani?"

"Hakuna jaha, Ami," akasema Mutasim. "Nilikurupuka."

"Amekukataa?"

"Kosa ni langu."

"Sasa niwaambie nini watu?"

"Waambie mimi mjinga."

"Hilo wanalijua, wanataka habari mpya! Jina lake nani?"

Mutasim alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Akachukua sahani, akampakulia ami yake wali na biringani na lile paja kubwa la kuku.

"Kula, Ami, utapoa."

Fawzi alikula, akimsuta kila tonge, akamwita jina hili na lile mbele ya mama yake Mutasim na mbele yangu. Mutasim aliitikia yote. Fawzi akanawa, akavaa joho lake, akaondoka bila kujua ni binti gani.