Aliyepitiliza Kwao

Wanawake watatu wa mashine ya kukoboa mpunga walikaa ndani ya gari jekundu la spoti, wamepakata viroba vya mchele, na gari halikuwa likienda popote. Chini yake, ndani ya shimo la gereji, fundi Theodori alipima kwa kiganja nafasi iliyobaki kati ya bomba la moshi na ardhi.

"Bado jepesi," akasema, akaomba kiroba kingine.

Mwenye gari, Fridolin, alisimama kando amekunja uso. Bomba lile, ekzosi, aliinunua Dar es Salaam kwa kuwa ilikuwa ya bei rahisi na kwenye picha ilifanana na ya ghali. Iling'aa kweli, lakini bati lake lilikuwa jembamba, na ilitengenezwa kwa ajili ya gari lolote, maana yake si kwa gari lake. Theodori alikwisha kuigonga kwa ukucha na kucheka. Alizoea matrekta na pawatila, trekta ndogo za kusukuma kwa mkono, za wakulima wa Ifakara, na hakuona haya kuicheka mali ya mtu. Alikata kipande, akachomelea kishikizo kipya, kisha akagoma kukaza bolti mpaka gari lipakiwe.

Fridolin alitaka bomba likae chini, lionekane. Theodori akamweleza kwa subira kwamba bonde hili halimwachi mtu aondoke mikono mitupu. Ukija kusalimia wazazi utaondoka na gunia la mchele, jogoo aliyefungwa miguu, na shangazi anayekwenda Morogoro kutibiwa. Gari likilemewa, tuta la kwanza litaing'oa ekzosi. Ndiyo maana yeye hufunga kwa uzito wa kurudi, si wa kuja.

"Mimi nitarudi mikono mitupu, fundi," Fridolin akasema. "Ifunge chini tu."

Theodori akachomoza kichwa shimoni. Akauliza kwao ni wapi, akaambiwa Kisawasawa. Akafuta mikono taratibu, maana atokaye Dar es Salaam huifikia Kisawasawa kabla ya Ifakara.

"Kwa hiyo leo umepita kwenu, ukaja kwangu."

"Ekzosi ya zamani ilikuwa imetoboka."

"Ekzosi kutoboka hakumzuii mtu kusimama."

Uso wa Fridolin ulipata moto. Njia nzima alikuwa amejiambia kwamba si adabu kuingia kwa wazee na gari linalopiga kelele, na kwamba angelitengeneza kwanza. Alipoiona njia ya kwao mguu wake ulikataa kukanyaga breki. Aliogopa, basi. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne alimwogopa baba yake.

Akawasimulia, ingawa hakuna aliyemlazimisha. Miaka minne iliyopita, mama yake, Aurelia, alipofariki, yeye alikuwa na siku tatu tu katika kazi mpya na hakuthubutu kuomba ruhusa. Akatuma hela ya rambirambi kwa simu. Rambirambi hutolewa na jirani, hutolewa na wanakwaya walioimba na marehemu. Mtoto huja mwenyewe akatupa udongo kaburini. Baba yake, mzee Dionisi, aliirudisha hela ile siku ileile bila neno, na tangu hapo hawajasemezana. Fridolin alisema aibu ile huamka nayo kila siku.

Kisha Mama Noela, mkubwa kuliko wenzake, akasema kutoka kiti cha nyuma alikobanwa na viroba:

"Angekuwa hakutaki, mwanangu, hela yako angeila."

Fridolin hakuwahi kuliona jambo lile kwa upande huo, na hata sasa hakuwa na hakika kama aliliamini. Akainama shimoni.

"Ipandishe," akamwambia fundi.

Gari lilipowashwa, ekzosi mpya ililia kama debe lililotiwa kokoto. Wanawake wakashuka wakicheka, na Fridolin naye akacheka kidogo. Akashika njia aliyokuja nayo, milima ya Udzungwa ikiwa kushoto, akirudiarudia maneno ya kuomba radhi aliyoyatunga tangu Mikumi.

Mzee Dionisi alikuwa amekaa kwenye kigoda pale njia ya nyumbani inapoachana na barabara. Pembeni yake palikuwa na jagi tupu la maji. Mguu wa Fridolin ukakanyaga breki kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Akashuka. "Shikamoo, baba."

Mzee alilitazama gari, kisha akamtazama mwanawe toka kichwani hadi viatuni.

"Marahaba. Ulipita saa tatu. Dada yako alishanionyesha picha ya hilo gari. Nikasema barabara ni hiihii, atarudi."

Jua lilikuwa limekwisha kuvuka utosi. Fridolin aliyatafuta yale maneno yake asipate hata moja; akabaki analia, mikono imening'inia. Mzee akainuka kwa kujishika magoti, akakiacha kigoda palepale.

"Njoo nikuonyeshe tulipomlaza mama yako."

Akatangulia, na Fridolin akamfuata kwenye kijia cha katikati ya migomba. Nyuma yao gari lilikuwa bado linaunguruma barabarani, mlango wazi.