Mzee Anayekula Maneno Yake

Mume wangu Kiingereza anakijua, sikatai. Kwenye filamu akisikia kwamba fulani kapiga ndoo teke, anajua papo hapo hakuna ndoo wala teke, mtu kafariki. Ila Kiswahili chake, Mungu amsaidie. Bila mimi angeandika ndoo.

Kazi yetu ni maandishi ya chini ya filamu. Yeye anavaa hedifoni hapo kwenye meza ya kulia, ananitajia msemo neno kwa neno, ananieleza maana, mimi nachapa Kiswahili cha watu. Mwenye ndoo nikaandika kakata kamba. Bwana harusi aliyepatwa na miguu baridi nikaandika kaingia ubaridi, wala sikuumiza kichwa. Filamu nne zimetoka hivyo, na mwishoni mwa zote nne mtafsiri ni mmoja, yeye. Roho iliniuma, lakini niliendelea kuchapa.

Jana shemeji, mdogo wake, alipita kutusalimia, akauliza mimi nafanya nini kwenye hiyo kompyuta. Mume wangu akajibu huku anakoroga chai, "Ananichapia tu."

Haya. Leo filamu ya tano inatakiwa saa sita mchana. Saa tano na nusu ikabaki sentensi moja: mzee anamwambia mkewe kwamba anakula maneno yake. Mume wangu akajaribu kuyala, akajaribu kuyameza, akaona mwenyewe ni kichekesho. Akanigeukia na ule uso wake wa jirani aliyeishiwa chumvi.

Nikamuuliza maana yake hasa nini. Akasema ni mtu aliyetamka jambo, kisha akagundua amekosea, akalirudisha mbele ya walewale waliomsikia.

"Kama lile ulilomwambia shemeji," nikasema, nikaondoa mikono kwenye kibodi.

Akatazama saa ya ukutani. Mimi nikajitia kukagua kucha. Mwishowe akavua hedifoni, akampigia mdogo wake simu, akafungua spika nami nisikie.

"Shemeji yako hanichapii," akamwambia. "Tunatafsiri wote, na Kiswahili chote ni chake. Jana nilisema vibaya. Nafuta kauli."

Nikachapa palepale: Mke wangu, nafuta kauli. Ikaenea kwenye mstari vizuri tu.

Kisha akavuta kibodi upande wake, akaandika majina ya watafsiri kwa vidole viwili, polepole, langu likatangulia. Nikamwambia atume haraka, kabla sijamlowanishia kibodi kwa machozi.