Sala ya Marehemu Baba

Mtu akishaitwa Binti Mchungaji tangu yuko mgongoni mwa mama yake, nani atamuuliza kama anamjua Mungu? Baba yake alihubiri miaka nenda rudi, akafa, na jina likabaki. Mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Alishona nguo za watu, Jumapili akakaa benchi la mbele, basi. Imani ilikuwa kama cherehani aliyoachiwa na mama yake: inafanya kazi, ya nini kuifungua?

Asubuhi moja kisima kiliporomoka, na mumewe yumo ndani.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchimba visima. Ukuta ulimeguka, udongo ukamfunika hadi kifuani. Bahati yake, mbao za kuzuia kuta ziliangukiana zikamkinga kichwa, na udongo mwingine ukajaa juu ya mbao hizo. Mwenzake wa kazi, yule mshika kamba, alipenyeza bomba la plastiki katikati ya mbao ili apate hewa. Kuchimba kutoka juu kungemwangushia kila kitu kichwani, kwa hiyo wanaume walivua mashati wakaanza shimo jingine kando, wamfikie kutoka ubavuni.

Binti Mchungaji alifika mbio, utepe wa kupimia ungali shingoni, kiatu mguu mmoja. Akapiga magoti penye bomba.

"Baba watoto!"

"Nipo," sauti ikapanda, nyembamba. "Nimebanwa huku! Niombee, mke wangu. Sisi kwetu hatusali, hiyo ni shughuli ya ukoo wenu."

Mzee wa kanisa akavua kofia. Binti Mchungaji akafumba macho, na jamani, maneno yakaja yenyewe! Yalikuja na sauti ya baba yake, hata kile kikohozi chake cha kusafisha koo. Akatiririka bila kukwama, watu wakiitikia kwa miguno, mpaka alipofika, "Tunamkabidhi kwako mtumishi wako huyu, mavumbi kwa mavumbi..."

"Mama weee!" mtu akapiga kelele nyuma.

Macho yakamtoka pima. Utotoni alimfuata baba yake makaburini, kazi yake kumshikia kitabu kisilowe mvua. Sala ya mazishi ndiyo aliyoisikia kuliko zote, na ndiyo iliyomganda.

Bomba likakohoa. "Mke wangu, unanizika ningali hai?"

Mshika kamba akaangua kicheko, kisha akageuka pembeni akalia.

"Nisamehe! Ni ya baba. Ndiyo ninayoijua."

"Mwache baba mkwe apumzike, alishamaliza zake. Omba wewe."

Akajipekua kama atafutaye sindano sakafuni. Hola! Kila neno aliloshika lilikuwa la mtu mwingine. Hofu iliyomkamata hapo haikuwa ya kufiwa na mume peke yake. Aliona kwamba umri wote huo hajawahi kuongea na Mungu hata siku moja, na leo anabisha hodi kama mgeni asiyejulikana mtaani.

Ardhi ikanguruma. Udongo ukashuka tena, watu wakaruka nyuma, na bomba likanyamaza.

"Baba watoto?" Akatega sikio kwenye bomba. "Baba watoto, nijibu!"

Mzee wa kanisa akamshika bega. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amezoea misiba tu. "Mwanangu, kazi ya Mungu haina makosa. Ile sala ya baba yako, sasa nadhani ndiyo yenyewe. Imalizie, tuseme amina."

Wachimbaji walisikia. Sepetu zikaanza kulegea mikononi.

"Sisemi amina!" akapayuka. "Chimbeni!"

Akalala kifudifudi kwenye tope kando ya bomba. "Wewe Mungu," akaanza, salamu hakuna. "Mimi ndiye ninayekaa benchi la mbele nikikagua mishono ya watu. Sijawahi kukuita. Sikujui, nakwambia ukweli. Nina hasira na wewe, na ninaogopa. Nirudishie huyu mtu. Na usiponirudishia, usiondoke, unasikia? Nitabaki na nani? Usiondoke. Sijamaliza."

Kila walipodhani amemaliza, alisema hajamaliza. Na kwao mtu haondoki kwenye sala kabla ya amina. Huo ni utovu wa adabu. Basi hakuna aliyeondoka, na kusimama bure wakaona haya, wakarudia sepetu. Sauti ilimkauka, akaendelea kwa kunong'ona, mara akimgombeza Mungu, mara akimbembeleza.

Jua lilikuwa limeshapita utosini sepetu ya mshika kamba ilipotoboa upande wa pili. Akaingiza mkono hadi begani.

"Namgusa!" Akapapasa. "Amenishika! Jamani, ananibana vidole!"

Walimtoa amejaa tope mpaka masikioni, anakohoa, anatetemeka, mzima. Bomba lilikuwa limepinda huko chini, likamkatia sauti lakini likampitishia hewa kidogo. Vigelegele vikapasua anga. Mzee wa kanisa, machozi yakimtiririka, akamgeukia. "Haya, Binti Mchungaji, tutolee shukrani."

Sala ya shukrani ya baba yake ilikuwa tayari ulimini, ndefu, nzuri, pamoja na kikohozi chake. Akaimeza. Akauinua uso wenye tope.

"Asante," akasema. "Ni mimi tena."

Amina akaisahau kabisa, na watu wakabaki wamesimama wakiingoja.