Mwamuzi wa Zamu za Maji

Bi Ghaniya alikuwa akimmiminia mumewe, Bwana Turki, kahawa. Kwenye televisheni maseneta wa Marekani waligombana: rais kamteua wakili wake mwenyewe awe jaji wa shirikisho.

"Hawana haya!" akafoka Bwana Turki. "Astaghfirullah, uchafu gani huu!"

Simu ikalia. Wazee wa Ibra, mji wao huko Oman, walitaka awatajie mtu wa kuamua ugomvi wa zamu za maji ya falaji, mfereji unaonywesha mitende yao.

"Mwekeni Adham," akajibu, hata macho hakupepesa.

Adham, mume wa binti yao Alya, ndiye aliyeshitakiwa kuiba zamu ya jirani!

Bi Ghaniya akaona kinyaa. Akaimwaga kahawa ya mumewe.

"Yule wa Marekani ana maseneta wa kumzomea, baba Alya. Wewe una mimi tu. Lete hiyo simu."